Kwa nini shamba letu linaitwa Mahameni

Habari zenu ndugu zangu. Leo nalijibu, maana kila nikiweka video ya shamba swali ni lile lile: kwa nini mnaliita Mahameni, yaani mahali palipohamwa na watu, mnataka mkosi? Wengine mnasema naringishia ardhi kwa kuwa niko Leeds, Uingereza. Jamani, ekari sita za uwele na mtama naringa nazo nini?

Jina hatukulichagua. Operesheni Dodoma ya 1971, ile ya serikali ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa, ilipofika kwetu, babu akaambiwa ahamie kijijini pamoja na wenzake. Akaacha tembe, ile nyumba ya paa bapa la udongo, zizi na makaburi ya wazazi wake. Tembe lisiporudishiwa udongo juu, mvua hailiachi. Bibi alibeba vyungu na mbegu, jiwe la kusagia likamshinda. Akitoka kutafuta kuni huko alikuwa anasema, "Nimepitia mahameni." Watoto wakalishika hilo jina, na majirani nao. Jiwe lipo mpaka leo, limelika katikati kama sahani. Ukilipapasa ni laini kabisa, ni mikono ya bibi ile.

Miaka ya 80 wakarudi kulima. Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mtu aliyegawiwa ardhi wakati wa operesheni, kati ya 1970 na 1977, ni yake kihalali, na haki ya mwenyewe wa zamani imekwisha. Sisi tulipona kwa sababu pale kwetu hakugawiwa mtu.

Kilichonikondesha ni hati ya kimila, ile hati ya kumiliki ardhi ya kijiji. Majirani wa mipakani wasaini, halmashauri ya kijiji ikae, na mimi huku niko shifti za usiku, natuma hela ya nauli na ya vipimo. Halafu fomu inarudi! Baba mdogo alikuwa amejaza "Neema Farm", eti Mahameni ni jina la kimaskini, wakati kitabu cha kijiji kimeandika Mahameni. Miezi mitano ikapotea. Nikampigia: shikamoo baba mdogo, nakuheshimu, lakini jina alilotuachia bibi hatulibadilishi. Tukakaa bila kuongea hadi Pasaka. Iliniuma sana, maana huyu ndiye aliyenisomesha.

Msiniambie nalalamika, mmeuliza wenyewe. Wala sisemi mfanye kama mimi. Mimi bado nina pasipoti ya Tanzania. Aliyechukua uraia wa nje, suala lake la ardhi ni jingine kabisa, amwone mwanasheria. Na kila kijiji kina mambo yake, anza kwa mtendaji wako.

Kuhusu mkosi: babu na bibi wote wamezikwa palepale, kando ya wazazi wao. Waliomba wenyewe.

Hati imetoka mwezi uliopita, na eneo limeandikwa Mahameni. Mdogo wangu anapaka kibao rangi wiki hii. Nimemwambia video ijayo alionyeshe lile jiwe kwa karibu, mlione.