Karani Mbele ya Baraza: Shaaban Robert na Miaka Yake ya Ukoloni

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na ndugu wote mliofika jioni hii, asanteni kwa mwaliko.

Nimeombwa nizungumzie maisha na kazi ya Shaaban Robert. Wengi wetu tulikutana naye darasani, na tulivyofundishwa ni kwamba yeye ni bingwa wa maadili: mzee mwenye hekima anayewausia vijana adabu, kazi na subira. Sipingi. Lakini kwa miaka mingi ninayofundisha vitabu vyake nimezidi kuamini kuwa tumemsahau mtu mmoja muhimu sana, naye ni karani. Shaaban Robert aliajiriwa na serikali ya kikoloni tangu 1926, na karibu utu uzima wake wote ulipita ofisini. Ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba ofisi ile imo ndani ya vitabu vyake, na tusipoiona tunavisoma nusu nusu.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Wakati huo nchi ilikuwa ya Wajerumani, na Vita vya Majimaji vilikuwa vimezimwa miaka miwili tu nyuma. Alipokuwa na miaka mitano, Novemba 1914, Waingereza na askari wao kutoka India walishuka pwani ya Tanga wakapigwa na Wajerumani wakarudi majini. Miaka miwili baadaye mji ukawa wa Waingereza. Kwa hiyo mtoto yule alibadilishiwa serikali kabla hajaanza shule, na hakuna aliyemuuliza yeye wala wazazi wake. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaingia forodhani.

Hapa naomba tukae kidogo. Karani Mwafrika katika Tanganyika ya Waingereza alikuwa nani? Alikuwa mtu mwenye heshima mtaani. Anavaa kanzu safi au suti, anajua kusoma, watu wanamletea barua zao awasomee na awaandikie majibu. Akiingia ofisini mambo yanageuka. Ngazi ya kazi na mshahara ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, hata awe hodari namna gani. Karani aliona kila karatasi iliyopita: ushuru, malalamiko, amri, hukumu. Alijua serikali inavyosema na inavyofikiri. Ila hakuwa na nafasi ya kusema neno lake mwenyewe mpaka aulizwe, na haikuwa kawaida kuulizwa. Shaaban aliishi hivyo katika forodha, Pangani ikiwa kimojawapo cha vituo vyake, baadaye katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya Tanga, na mwisho katika ofisi ya upimaji ardhi. Mashairi yake yalitoka katika *Mambo Leo*, gazeti ambalo nalo lilikuwa la serikali.

Sasa fungueni *Kusadikika*, kilichochapishwa 1951. Wanafunzi huniambia ni hadithi ya nchi ya kubuni iliyo angani. Ni kweli, lakini tazameni inaanzia wapi: barazani, kwenye kesi. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno mbele ya mfalme. Kosa lake ni kuwafundisha watu uanasheria. Hakuiba, hakuua, hakuinua silaha. Amewafundisha raia sheria, na waziri anaona hiyo ni hatari kwa nchi. Kisha Karama anapewa ruhusa ya kujitetea, na anajitetea kwa siku sita.

Siku sita! Kila siku anaeleza habari za mjumbe mmoja aliyetumwa na Kusadikika kwenda kutafuta mambo ya kuifaa nchi. Buruhani, Fadhili, Kabuli na Auni walikwenda pande nne za dunia, Ridhaa mbinguni, Amini ardhini. Walisafiri kwa taabu, wakarudi na maarifa, na kila mmoja alipofikisha taarifa yake aliambulia kifungo. Wajumbe hawa walitumwa rasmi. Hawakuwa waasi. Walifanya kazi waliyoagizwa, wakaleta walichokikuta, na baraza likawahukumu kwa sababu walichokileta hakikuwapendeza wakubwa. Nadhani hakuna mtu angeweza kubuni adhabu ya namna hii isipokuwa aliyewahi kukabidhi taarifa nzuri mezani kwa mkubwa asiyetaka kuisoma.

Tazameni pia namna Karama anavyosema. Hatukani. Hapigi kelele. Anapanga hoja moja baada ya nyingine, anamheshimu mfalme, na anamwachia Majivuno ajifunue mwenyewe. Hiyo ndiyo lugha ya karani aliyebobea, mtu anayejua kuwa neno moja la hasira litatosha kumfungia mlango. Wapo wahakiki wanaoona upole huu kuwa udhaifu. Mimi naona ni ujasiri mkubwa, kwa sababu mwandishi alikuwa bado mtumishi wa serikali kitabu kilipotoka, na kila asubuhi alirudi kwenye meza yake.

Sitaficha upande wa pili. Alikubali nishani ya Dola ya Uingereza, na utenzi wake mrefu wa Vita vya Pili vya Dunia, *Utenzi wa Vita vya Uhuru*, unasimama na upande wa Waingereza dhidi ya Hitler. Wanaotafuta mpigania uhuru wa majukwaani hawatamkuta hapa. Lakini someni utenzi ule pamoja na *Kusadikika* na mtaona swali lile lile: kama dhuluma ni haramu Ulaya, imehalalishwa na nani kwetu?

Mkitaka kumsikia akiwa nyumbani, tafuteni barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958. Profesa Mulokozi amezihariri zikawa kitabu. Humo mna familia, kazi, fedha na miswada, mambo yanayomkaba mwandishi yeyote mwenye mshahara mdogo. Na miswada ilimkaba kweli. *Kufikirika* na *Utenzi wa Vita vya Uhuru* vilitoka 1967, *Utubora Mkulima* na *Siku ya Watenzi Wote* 1968. Yeye alifariki Juni 1962, akiwa ameishi katika nchi huru kwa muda wa miezi sita hivi. Inaniuma kila ninapoitaja miaka hiyo.

Nimalizie na kitabu ambacho hakipewi haki yake, *Wasifu wa Siti binti Saad*. Shaaban alikwenda kumhoji Siti aliyekuwa amezeeka, na Siti alifariki 1950. Kwa nini karani wa Tanga aandike maisha ya mwimbaji wa Unguja, mwanamke aliyezaliwa Fumba, aliyeuza vyungu vya mama yake kwa miguu na hakusoma shule? Jibu langu liko kwenye nyimbo. Siti ndiye aliyeimba kisa cha Kijiti, kuhusu mwanamke aliyeuawa: muuaji akavuka bahari akakimbilia Dar es Salaam, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi wakaishia wao kifungoni. Wanaosema kweli barazani ndio wanaofungwa. Huyu aliimba kisa kilichotokea, yule akabuni nchi nzima angani ili akisimulie. Ndiyo maana mimi huwafundisha wanafunzi wangu vitabu hivi viwili pamoja, *Kusadikika* kwanza, *Wasifu* mara baada yake, na nawasihi walimu mliopo mjaribu hivyo muhula ujao.

Asanteni. Nitapokea maswali.