Keshi na Mali Kauli: Maneno ya Msomaji wa Kawaida Kuhusu Riwaya za Mfululizo

Haya ndugu zangu, habari za jioni. Shikamooni wakubwa, naona kuna wazee wangu huku mbele. Nimeombwa niongee kuhusu vitabu vya mfululizo, vile vya ujasusi na upelelezi na vile vya fantasia, sasa niwaambie mapema kabisa, mi si mwalimu wa fasihi, mi nauza spea za pikipiki Kariakoo, nasoma kwenye daladala asubuhi na usiku kidogo kabla ya kulala, basi. Ila nimesoma hivi vitabu tangu niko kidato cha pili, sijawahi kuacha, kwa hiyo ninayo ya kusema.

Dukani kwetu kuna biashara za aina mbili. Kuna keshi, unatoa hela, unabeba mzigo wako, tumemalizana. Afu kuna mali kauli, mtu anachukua mzigo wa milioni kadhaa, hajaacha hata mia mbovu, ameacha neno lake tu kwamba nikiuza nakuletea. Nyie mnaofanya biashara mnajua, bila mali kauli nusu ya maduka ya Kariakoo yangefungwa kesho. Sasa mi nikisoma naona ni yaleyale. Riwaya ya upelelezi ni keshi. Unatoa siku zako mbili tatu, mwisho wa kitabu muuaji kajulikana, umelipwa. Fantasia ni mali kauli. Mwandishi anakwambia nipe muda wako sasa hivi, kitabu cha kwanza hiki kurasa mia nane, majibu yapo huko mbele, kitabu cha tano, cha tisa, we niamini tu. Na sisi tunaamini.

Nianze na keshi. Tukiwa bwenini kulikuwa na kitabu cha Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, kinazunguka, Kikosi cha Kisasi, jalada halipo, mgongo umeshonwa na uzi mweusi, kila mtu anapewa usiku mmoja tu asubuhi anakabidhi. Zamu yangu ilipofika nikasoma na tochi ndani ya shuka, jasho linanitoka, Willy yuko Kinshasa huko, mi Kinshasa nilikuwa naijua kwa nyimbo tu, usiku ule ndo ikawa mji wenye mitaa na mahoteli na watu wa kuwaogopa. Nafika mwisho, kurasa za mwisho hazipo, kuna mtu kachana. Nikakaa kitandani nimekishika kile kitabu, ile sehemu ya uzi ilipokuwa inaning'inia nimeikumbuka mpaka leo. Lakini unajua nini, sikuumia sana. Manake mambo yote makubwa yalikuwa yameshaisha, adui kajulikana, kilichobaki ni Willy kurudi nyumbani na hilo nilijua linakuja tu. Kitabu kilishanilipa hata kabla ya kurasa za mwisho. Hiyo ndo keshi.

Na hapa kuna jambo linaniuma kidogo, watu wanasema Willy Gamba ni James Bond wa Bongo, wanadhani wanamsifia. Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona, nayo ya Willy, mwaka 1974. Sasa jiulizeni Dar es Salaam ya 1974 ilikuwaje. Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule umoja wa nchi huru za Afrika, ilikuwa na makao yake hapahapa tangu 1963, wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia, Afrika Kusini wote wanapita hapa, kwa hiyo majasusi wa makaburu hawakuwa kitu cha kutunga, Msumbiji wenyewe walimpoteza kiongozi wao Mondlane hapahapa Dar 1969 kwa bomu lililofichwa kwenye kitabu. Fikiria hilo, kitabu. Bond anaihudumia himaya iliyokuwa inatutawala, Willy anahangaikia nchi zinazotaka kujitawala. Hawa hawafanani hata kidogo, mbio tu ndo zinafanana.

Afu kuna Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla. Huyu mzee mwandishi kazaliwa Makunduchi 1918, hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la 1957 na 1958 ikatoka kitabu 1960, ikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, na vingine. Kwa Bwana Msa hakuna mbio wala bastola, kuna mtu na kiko chake anafikiri, na rafiki yake Najum pembeni anahangaika kumuelewa kama sisi tunavyohangaika. Na Kiswahili chake jamani, kile cha Unguja, unaweza kurudia sentensi moja mara tatu kwa utamu tu. Vitabu vyote hivyo unaanza popote unapotaka. Mi nilianza na Siri ya Sifuri kwa sababu ndo nilichokikuta, wala sikupotea. Joram Kiango, mpelelezi wa Ben Mtobwa, hivohivo, ukimkuta na Inspekta Kombora kwenye kitabu chochote kile dakika kumi unajua nani ni nani.

Wa nje pia wapo, mi nampenda Jack Reacher. Mwandishi wake Lee Child alikuwa mtu wa televisheni Uingereza, kazi ikaisha 1995, akakaa chini akaandika, kitabu cha kwanza kikatoka 1997. Stelingi wake ni mwanajeshi wa zamani anayetembea Marekani nzima bila begi, ana mswaki wa kukunja mfukoni na nguo alizovaa. Mi huo mswaki naupenda kuliko ngumi zake zote. Mwandishi kakipa kile kitu kidogo kazi kubwa, ukiuona tu mswaki unajua huyu mtu hana nyumba, hana anayemsubiri, kesho hayupo.

Lakini keshi nayo ina kasoro yake na niiseme wazi. Mteja wa keshi hata jina humjui. Anakuja, analipa, anaondoka, mkikutana barabarani mnapita. Reacher nimesoma vitabu kumi na kitu na bado ni yuleyule, watu wanaopata shida kitabu hiki hawaonekani kitabu kijacho, hakuna aliyezeeka, hakuna anayemkumbuka marehemu wa juzi. Ukisoma vinne mfululizo unaanza kuvichanganya. Ndo maana pamoja na yote mi moyo wangu uko kwenye mali kauli.

Mali kauli yangu ya kwanza niliipata Posta, kwa wale jamaa wanaopanga vitabu vya mitumba chini kwenye turubai. Kitabu kinene, kina mtu na upanga jaladani, nikakinunua, kumbe ni cha tatu cha The Wheel of Time ya Robert Jordan. Nikasoma kurasa hamsini sielewi kitu, majina kama mvua, huyu ni nani, yule anamkimbia nani, watu wanalia kwa ajili ya jambo lililotokea kitabu ambacho sina. Ilikuwa kama umeingia kwenye kikao cha ukoo ambao si wako. Nikakiweka. Miaka miwili baadaye, palepale Posta, nikakiona cha kwanza. Yani nilikinunua bila kuuliza bei mara mbili, na mi ni mtu wa kuuliza bei.

Ile stori ni vitabu kumi na nne. Cha kwanza 1990, cha mwisho 2013. Ni vijana wa kijijini wanaoondolewa nyumbani usiku mmoja, afu inachukua vitabu kumi na nne kujua nani atarudi. Na kuna mahali mwandishi anakudai kupita kiasi, lazima niseme. Kitabu cha kumi, mwisho wa cha tisa limetokea tukio kubwa sana, sasa cha kumi sehemu kubwa ni watu mbalimbali huko waliko wanahisi lile jambo kwa mbali na kujiuliza ni nini kile, mamia ya kurasa, chai inanyweka, magauni yanaelezwa mpaka kushona, safari haisogei. Mi nilikisoma mwezi mzima na nilikasirika kabisa, nilijiona kama namfuata mdeni ananiambia njoo Jumatatu, naenda Jumatatu ananiambia njoo Alhamisi.

Afu 2007 Jordan akafariki. Maradhi ya moyo, na stori haijaisha.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo jambo lililonifanya nikubali kuja leo. Kwetu mtu akifa, kabla ya kuzikwa mtu wa familia anasimama pale msibani anasema, kama kuna anayemdai marehemu tuonane. Deni la marehemu halizikwi. Jordan alikuwa ameacha maelezo mengi, mengine aliwasimulia ndugu zake akiwa anaumwa, na mke wake Harriet McDougal ndiye aliyekuwa mhariri wake tangu kitabu cha kwanza. Yule mama akasimama. Akamtafuta kijana mwandishi, Brandon Sanderson, ambaye alikuwa msomaji wa hivyo vitabu tangu utotoni, akamkabidhi yale maandishi. Kilichopangwa kuwa kitabu kimoja cha mwisho kikawa vitatu, 2009, 2010 na 2013. Kuna wanaosema mkono umebadilika, kweli umebadilika, Sanderson anakwenda haraka na utani wake ni mwingine, mi niliona tangu mwanzo mwanzo. Sikujali. Niliposoma sura ya mwisho nilikuwa ndani ya daladala ya Gongo la Mboto, nikapitiliza kituo, nikashuka mbele nikakaa kwenye benchi la mama ntilie mpaka nikamaliza. Nimelipwa na familia ya marehemu.

Ndo maana wakati wengine wanamtukana George R. R. Martin mi situkani, ila namdai. Wengi mnamjua kwa ile sizoni ya Game of Thrones iliyoisha 2019, wengine mliiangalia imetafsiriwa, lakini vitabu vimeishia cha tano, 2011. Kitabu cha nne kilipotoka 2005 aliweka maelezo kule nyuma kwamba stori imekuwa ndefu ameigawa, nusu ya watu wetu tunaowapenda wako kwenye kitabu kingine, na anatumaini kitatoka mwaka unaofuata. Kikaja baada ya miaka sita. Cha sita tunakisubiri mpaka leo. Ahadi ni deni wazee wangu, na mwandishi wa mfululizo anapoweka mtoto juu ya ukuta kitabu cha kwanza akamsukuma, anajua kwamba tutasubiri kujua mwisho wa yule mtoto. Lakini vile vitano alivyotupa ni mzigo mzito wa kweli, ndani ya sura moja anaweza kukufanya umuonee huruma mtu uliyemchukia vitabu viwili. Mdeni wa namna hiyo humfungii duka.

Kwa Stieg Larsson wa Sweden, mwandishi wa upelelezi, naona tofauti. Yule alifariki 2004 kabla hata kitabu chake cha kwanza hakijatoka, vikatoka vitatu baada ya kifo chake, na vitatu vile vimefunga, yule binti wa stori kapata haki yake mahakamani. Baadaye wakaletwa waandishi wengine kuendeleza. Mi sikuvifuata. Pale hakuna aliyekuwa anadai.

Sasa tuje nyumbani, ndo panaponiuma zaidi. Kwa nini keshi tunayo ya kutosha, Willy, Joram, Bwana Msa, ila mfululizo mrefu wa fantasia wa Kiswahili mi sijaushika mkononi? Mawazo yapo. Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951. Nchi inayoelea angani, kijana Karama anashtakiwa, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, na kila mmoja akirudi na habari njema anatupwa gerezani. Mimi kila mjumbe pale namuona ni kitabu kizima. Yule aliyekwenda ardhini peke yake ningemsomea kurasa mia tano. Mzee kaandika kwa ufupi kwa sababu alikuwa anasema jambo lingine kuhusu utawala, sawa, lakini mbegu ile pale. Giningi nayo, majini, mizimu, bahari yote hii.

Tatizo ninavyoliona mi ni mtaji. Mtobwa mpaka alianzisha kampuni yake ya kuchapa vitabu. Mwenye mashine anataka keshi. Ukishachapa kitabu cha kwanza hela imelala dukani, cha pili kinabaki kwenye daftari, na msomaji akishaona hivo mara mbili anagoma kuanza kitu ambacho hakijaisha. Sasa hivi stori ziko kwenye simu, sehemu ya kwanza mpaka ya kumi bure, zilizobaki tuma elfu moja. Nimetuma. Kuna moja nimeletewa mpaka sehemu ya 63, ni nzuri kwelikweli, binti wa Pemba na kisiwa kinachotembea, na ya 64 naisubiri mpaka leo. Huyo mwandishi kama yupo humu ndani asiogope, simdai elfu yangu, namdai kisiwa kilienda wapi.

Dada pale nyuma umenyoosha mkono muda mrefu, samahani. Unauliza uanze na kipi. Anza na Bwana Msa, chochote kile. Afu ukitaka mali kauli hesabu kwanza vitabu kama vimetimia, na usianze na cha tatu kama mimi. Nimekuja na Kisima cha Giningi hiki hapa, jaladani kuna duara la kikombe cha chai, ni langu hilo. Chukua, duka langu mwenyeji wako hapo analijua, atakuelekeza. Ukimaliza utaleta.