Ukingo wa Bahari Ukijengwa Upya, Nani Ameulizwa?

Mhadhara uliotolewa mbele ya wakazi wa mji wa Moshi

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na vijana mliojitokeza jioni hii,

Huenda wapo wanaojiuliza mji wetu, ulio mamia ya kilomita kutoka baharini, una shughuli gani na ujenzi wa kingo za bahari za miji ya kale. Shughuli tunayo. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na kwa miaka mingi kahawa ya mlima huu ilishuka kwa reli hiyo hadi bandarini. Stesheni yetu na maghala yake ni ardhi ya namna ileile: kongwe, ya umma, iliyo karibu na soko, na inayozidi kupanda thamani.

Sisemi kwamba mambo ya kale yaachwe yaoze. Kule Mizingani, Unguja, mawimbi yalikuwa yameula ukuta wa bahari na kuhatarisha barabara iliyo juu yake, na kuujenga upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia lilikuwa jambo la lazima. Ubishi huanza ukuta ukishasimama, pale inapoulizwa ni nani atakayekaa mbele yake.

Tazameni Forodhani, huko huko Unguja, katika Mji Mkongwe. Bustani ile ilikarabatiwa chini ya Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa tena mwaka 2009. Wauzaji wa chakula, ambao ndio uhai wa mahali pale kila jua linapozama, walirudi na meza zao za mishikaki, urojo na maji ya miwa. Vijana wa mtaani nao bado wanakimbia juu ya ukuta na kujirusha baharini huku watu wakiwatazama. Kwangu mimi hayo mawili ni mafanikio makubwa kuliko taa na vigae, kwa sababu ukarabati ungeweza kukamilika vizuri kabisa kiufundi na watu hao wasionekane tena.

Mwendo mfupi kutoka hapo, Shangani, mambo yalikwenda vingine. Jumba la Mambo Msiige, lililojengwa katikati ya karne ya 19 na ambalo kwa muda mrefu lilikuwa na ofisi za serikali, liligeuzwa hoteli iliyofunguliwa mwaka 2015, na jengo jipya likainuka kwenye uwanja wa wazi uliokuwa ubavuni mwake. Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, iliyouorodhesha Mji Mkongwe mwaka 2000, ilieleza wasiwasi wake kuhusu mradi huo. Uwanja wa wazi hauna mtu mwenye hati yake mkononi. Watoto waliocheza pale hawana cha kuonyesha mbele ya mwekezaji mwenye mkataba, na mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Huko Uingereza, Liverpool iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004, ikatajwa kuwa hatarini mwaka 2012, na mwaka 2021 ikafutwa kwa sababu ya majengo mapya kwenye gati zake za zamani, ukiwemo uwanja wa mpira. Tuwe wa haki, hata hivyo: wakazi wengi wa kaskazini mwa jiji lile, ambako kazi zilikuwa zimekauka, waliutaka uwanja huo. Wasiwasi wa wananchi hauna sauti moja, na anayedai kuwasemea wote hajakaa nao.

Hapa kwetu sheria ipo. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wadau washirikishwe, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Kinachoniuma ni namna mikutano inavyoendeshwa. Mara nyingi mchoro hubandikwa ukutani ukiwa umekwisha kupakwa rangi. Una miti, una viti na watu wanaotembea, lakini muuza samaki hayumo, fundi wa ngalawa hayumo, wala pa kuanika nyavu hapaonekani. Kisha wananchi huulizwa kama wana maoni.

Kwa hiyo, siku mchoro wa stesheni yetu utakapoletwa, mama lishe na wabeba mizigo wa pale wawe wamekwisha kukaa mezani kabla mstari wa kwanza haujachorwa. Ijulikane wakati wa ujenzi watafanyia kazi wapi, na nani ameandika kwamba watarudi. Njia ya umma iandikwe ndani ya mkataba, kwa upana wake na kwa saa zake, ili hata atakayeuziwa mradi baadaye abanwe nayo. Na orodha ya wanaofanya kazi pale leo ianze kuandaliwa na sisi wenyewe, mtaa kwa mtaa, kwa sababu asiyeorodheshwa hahesabiwi wakati wa fidia.

Ndugu Mwenyekiti, naomba sasa tuwasikie wafanyabiashara wa stesheni.