Kabla hamjachagua mwenyekiti: kuanzisha chama cha wamiliki wa boti za rimoti

Habari za jioni jamani, na wakubwa shikamooni. Nimefurahi kuona mmekuja wengi, tena wengine na boti zenu mkononi. Sasa najua kuna karatasi inazunguka ya kuchagua mwenyekiti, makamu na mweka hazina, na kuna mtu keshaulizia bei ya fulana. Naomba hiyo karatasi ikae pembeni kwanza, kwa sababu chama cha boti za klasi moja, yaani boti ndogo za matanga zinazotakiwa zifanane zote, kinaanza na sheria ya boti, viongozi baadaye.

Kwa nini nasema hivi. Boti zikishakuwa sawa kwa wote, kila mwenye boti usiku anawaza afanyeje ya kwake ikimbie zaidi, na ndo binadamu tulivyo, tunapenda kushinda. Huyu atakwangua risasi ya chini, ule uzito unaoizuia boti isipinduke, boti iwe nyepesi, yule atasogeza mlingoti nyuma kidogo, mwingine ataagiza tanga kubwa zaidi, msimu haujaisha mnajikuta mwenye hela ndo anashinda kila wiki na vijana wameacha kuja.

Angalieni IOM, ile klasi ya boti za rimoti za mita moja iliyoanza 1988. Sheria yake inaweka mipaka tu, urefu usizidi mita moja, uzito usipungue kilo 4, matanga yana vipimo vyake, lakini umbo la bodi kila mbunifu anachora lake. Ni klasi nzuri sana, ila ukitaka kubaki mbele inabidi ufuatilie miundo mipya na mfuko uwe tayari. Sasa chukua boti ya DF65 ya kampuni ya Joysway, urefu milimita 650, inatoka kiwandani China, bodi yako na ya bingwa ni ileile, na hapo ndipo utamu ulipo kwa sababu ukishindwa umeshindwa na mtu, hujashindwa na boti. Sheria ya klasi ya aina hii inaandikwa kwa kufunga: kitu kisichotajwa kwamba kinaruhusiwa, basi hakiruhusiwi. Sentensi hiyo ikae juu kabisa kwenye karatasi yenu, halafu ndo mtaje ruksa moja moja, kubadilisha betri, kubadilisha risiva, yaani kile kipokezi cha rimoti ndani ya boti, kuunga palipovunjika. Na sisi wa pwani tuongeze letu, maji yetu ni ya chumvi na chumvi inakula sevo, zile mota ndogo za usukani na matanga, pamoja na nyaya haraka mno, kwa hiyo chochote kinachozuia maji kuingia kiruhusiwe, grisi, silikoni, mkanda juu ya mfuniko, hakiongezi spidi lakini kinaokoa boti ya mtu.

Cha pili ni daftari. Nani ana boti, namba gani. Zamani katibu alikuwa na kazi ya kugawa masafa ya rimoti maana wawili wakiwa kwenye masafa mamoja boti zinachanganyikiwa, siku hizi rimoti za 2.4 GHz zinajipanga zenyewe, ila namba za tanga bado zinahitaji mtu. Sheria za mashindano za World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo wa boti za matanga, zina nyongeza yetu kabisa, Nyongeza E, inasema tangani zikae tarakimu mbili za mwisho za namba ya boti au namba yako binafsi, na mbele yake pabaki nafasi, ili boti mbili zikiwa na namba zinazofanana, mojawapo iongezewe 1 mbele. Msidharau hili jamani. Ukitaka kumshtaki mwenzako majini unatakiwa kupaza sauti mara mbili, unataja namba yako, unasema protesti, unataja na namba yake. Sasa kama boti mbili zina 27 na zote zinabisha upepo kuelekea boya lilelile, huyo aliyeitwa ni nani?

Marekani chama chao cha boti za mfano, AMYA, kipo tangu 1970, na klasi mpya inatakiwa kwanza ionyeshe boti 20 za wanachama ndo itambuliwe, ikishatambuliwa ina katibu wake wa kujitolea. Nawapenda kwa hilo, wanahesabu boti kwanza.

Cha tatu, mpimaji, na asiwe anayeongoza msimamo. Siku ya kupima haihitaji makubwa, meza, mizani ya jikoni inayosoma gramu, rula ndefu, tanga linalazwa juu ya karatasi iliyochorwa umbo halisi, likizidi mstari linarudi nyumbani. Kila boti, hata ya mwenyekiti, na mbele ya watu.

Kura iwe mtu mmoja kura moja, maana mwenye boti sita asije akawa na kura sita. Sheria ibadilishwe mara moja kwa mwaka, basi. Ada iwe ndogo.

Dada pale nyuma kauliza, je fundi wetu akituchongea boti hapahapa badala ya kuagiza? Swali zuri mno. Inawezekana, ila boti zote zitoke kwenye kalibu moja. Na hapa mkumbuke yaliyowapata wenzetu wa Laser, zile boti kubwa za matanga anazopanda mtu, za Olimpiki tangu 1996. Mwaka 2019 chama cha klasi na mtengenezaji wao mkubwa wakavutana, mkataba ukavunjwa, na kwa kuwa jina Laser lilikuwa alama ya biashara na chama hakikuwa na mamlaka nalo, boti ileile ikabidi iitwe ILCA. Kwa hiyo fundi alipwe vizuri, aheshimiwe, ila kalibu, michoro na jina viandikwe mali ya chama, kwa maandishi, kabla boti ya kwanza haijatoka. Haya, wenye boti zenu leteni hapa mezani, mizani ninayo, tuanze kuandika namba.