Siyo Mgomo, Walifungiwa Nje: Jibu Langu Kuhusu Hoki ya Kanada

Haya jamani, habari za huko nyumbani. Ni Mama Imani, nipo Winnipeg, Kanada. Leo sipiki wala sipo dukani kuwaonesha bei, nimekaa mezani kwa sababu kuna swali limenifuata miezi mingi. Tangu ile Machi 8, 2025, siku ya Simba na Yanga ambayo watu waliingia mjini na jezi zao halafu mechi haikuchezwa, kila nikifungua komenti nalikuta. "Dada, huko kwa wenzetu ligi inaweza kusimama namna hii?" Na wengine hawaulizi, wanajijibu wenyewe: "Haya ni ya kwetu tu, huko watu wana mipango."

Nikajibu kwa maandishi kwamba hapa ligi kuu ya hoki ya barafu, hii NHL, iliwahi kupoteza msimu mzima, hakuna hata mechi moja. Ndiyo nikawa nimefungulia maji. "Yaani mamilionea wanagoma?" "Wamekosa nini hao?" Na mmoja akaniambia nimeanza kuwatetea matajiri wa Kizungu.

Najua yatakayofuata. Nikitaja dola, naambiwa najidai. Nikitaja kwamba nilikosa kazi, naambiwa "si urudi, nani kakulazimisha". Nimeishi na komenti hizo muda mrefu, haziniumi kama zamani. Ila hili naomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu neno "mgomo" linanikera na nina sababu zangu.

Marehemu baba yangu alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye shamba la mkonge, Tanga. Sisi tumekulia sebule ambayo watu wanakuja usiku kuzungumza mkataba wa hali bora. Kugoma ni mfanyakazi kuweka panga chini. Kufungiwa nje ni mwajiri kufunga geti, wewe upo pale na panga lako, unataka kuingia, huingii. Hata Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavitaja kama vitu viwili: haki ya kugoma ya mfanyakazi, na haki ya mwajiri ya kufungia nje. Baba alikuwa anasema anayevichanganya hivi amekwisha kuchukua upande bila kujua.

Sasa NHL, mara tatu mvutano wa mkataba ulipofanya msimu ukatwe au ufutwe, mwaka 1994, mwaka 2004 na mwaka 2012, zote tatu ni wenye timu waliofunga geti. Kamishna, yaani mkuu wa ligi, ni huyo huyo, Gary Bettman, yupo tangu 1993. Wachezaji waliwahi kugoma kweli, mwaka 1992, siku 10 tu, wakarudi. Kwa hiyo mnaponiandikia "wachezaji waligoma mwaka mzima", hapana. Na kusema hivi siyo kumtetea tajiri. Wote wale ni matajiri, sibishi. Lakini ukweli wa nani alifunga mlango unabaki pale pale.

Ule msimu wa 2004 mpaka 2005 mimi sikuwepo, nilikuwa bado Tanga. Nimeusikia kwa wenyeji. Walifunga Septemba 2004, wakawa wanavutana kuhusu ukomo wa mishahara, yaani timu isizidishe kiasi fulani kwa wachezaji wake wote. Februari 16, 2005 kamishna akatangaza msimu umefutwa. Mechi 1,230 za msimu wa kawaida. Kombe la Stanley, lile la bingwa wa NHL, halikutolewa, kwa mara ya kwanza tangu 1919, na mwaka huo wa 1919 sababu ilikuwa homa kali iliyoua watu dunia nzima. Lile kombe lina majina ya washindi yamechongwa kulizunguka, na pale kwenye msimu wa 2004 mpaka 2005 wamechonga maneno kwamba msimu haukuchezwa. Msimu uliofuata wakarudi, wakaandika kwenye barafu maneno ya kuwashukuru mashabiki. Asante kwa maandishi ya rangi, baada ya mwaka mzima.

Wa 2012 ndio ulionikuta, na ndio ninaoweza kuusema kwa kinywa changu.

Mimi nilifika Juni 2012, kumfuata mume wangu. Mambo ya viza sitaki kuyarudia, chaneli zimejaa. Mwishoni mwa Julai nikapata kazi kwenye mgahawa karibu na uwanja, kuhudumia meza. Meneja alinieleza wazi anaajiri kwa ajili ya hoki. Wakati ule kila timu ilikuwa inacheza nyumbani mechi 41 za msimu, na usiku wa mechi pale mtaani hakuna pa kukanyaga. Mshahara wa kima cha chini hapa Manitoba, jimbo letu, Oktoba ile ulikuwa dola 10.25 kwa saa. Kabla hujachukua kikokotoo ukazidisha kwa shilingi, chukua pia kodi ya nyumba, basi, na koti la baridi, ndipo uniambie nimetajirika. Tegemeo la mhudumu ni bakshishi, na bakshishi ipo usiku wa mechi. Nilikaa na kalenda nikahesabu zile siku 41 kwa kalamu nyekundu. Nilishamwahidi mama kitu, sitakisema hapa.

Septemba 15, saa sita usiku inakaribia, mkataba wao ukaisha. Wakafunga.

Na hapa mnisikilize vizuri, maana ndipo hasira za watu zilipo. Msimu wa nyuma yake ligi ilikuwa imeingiza dola bilioni 3.3. Wachezaji walikuwa wanapata asilimia 57 ya mapato. Wenye timu wakaanza kwa kutaka washuke mpaka 43. Lakini Julai ile ile, siku ya tarehe 4, timu ya Minnesota ilisaini wachezaji wawili, Zach Parise na Ryan Suter, kila mmoja dola milioni 98 kwa miaka 13! Na mwenye timu hiyo alikuwa kwenye kamati ya majadiliano upande wa wenye timu. Julai unamwaga milioni 196 kwa watu wawili, Septemba unafunga geti unasema mishahara imekuzidi. Pale jikoni kwetu hakuna aliyeelewa, na mimi mpaka leo sijaelewa.

Jikoni palikuwa na mpishi mmoja mzee, mtu wa hapa hapa. Huyu ndiye aliyenifundisha hoki, nami namheshimu kama baba mdogo. Kwake Jets, timu yetu ya hapa Winnipeg, siyo mchezo. Mwaka 1996 timu iliuzwa ikahamishiwa Phoenix, kule jangwani Marekani, watu wazima wakalia barabarani. Wakakaa miaka 15 bila timu. Mwaka 2011 ikanunuliwa timu ya Atlanta ikaletwa hapa, jina likarudi. Tiketi za msimu 13,000 ziliisha haraka, na siyo za mwaka mmoja, ulisaini kujifunga miaka mitatu mpaka mitano. Mzee akasaini. Miaka 15 anangoja, anapewa msimu mmoja, wa pili wanamfungia. Nilimuona Novemba ile anasikiliza redio huku anakata vitunguu, mtangazaji akasema mechi nyingine zimefutwa, akazima redio. Hakusema neno mpaka zamu ikaisha. Ushabiki kama huo ninaujua, nimeuona kwa wajomba zangu wa Yanga. Ndiyo maana mkiniandikia "mchezo wa Wazungu unakuhusu nini" sielewi mnachouliza.

Turudi kwangu. Zamu zangu zilikuwa tano kwa wiki. Oktoba zikawa mbili. Katikati ya Novemba nikaambiwa "tutakupigia". Wenzangu wakanishauri nikaombe mafao ya bima ya ajira, kwa sababu kila mshahara nilikuwa nakatwa mchango. Nikasema sawa, haki yangu.

Jamani, makaratasi! Kwanza unahitaji hati ya mwajiri inayoonesha saa ulizofanya kazi. Ikachukua wiki saba kutoka. Ilipotoka, jina la babu limewekwa kama jina langu la kati, jina la baba limewekwa kama ukoo, halafu pasipoti yangu inasema kingine. Sisi wenye majina matatu mnaelewa. Ikarudi, ikarekebishwa, wiki nyingine. Nikaja kuambiwa hata hivyo saa zangu hazitoshi. Mwenyeji alihitaji kati ya saa 420 na 700, kutegemea eneo. Mgeni ambaye ndiyo kwanza anaingia kwenye ajira alihitaji 910. Mimi sikuwa na hata 500. Kanuni hiyo ya 910 wameifuta mwaka 2016, kwa hiyo anayekuja leo asiogope kwa sababu yangu. Lakini mchango wangu ulikatwa, na sikupata kitu. Nililia kwenye basi, naomba msinicheke kwa hilo.

Sasa yule aliyeniandikia "si ungetafuta kazi nyingine". Nilitafuta. Migahawa yote ya eneo lile ilikuwa inapunguza watu kwa wakati mmoja, kwa sababu ile ile. Nikaishia kusafisha ofisi usiku, nyuzi joto 30 chini ya sifuri nje, na nashukuru niliipata.

Wachezaji wengi walikwenda Ulaya na Urusi kucheza huko wakati wa mvutano. Wenye timu wana biashara nyingine. Mashabiki walijaribu. Kulikuwa na kampeni ya Just Drop It, watu wakaapa kwamba kwa kila mechi itakayofutwa baada ya Desemba 21, wao watasusia mechi moja ligi ikirudi. Ilikuwa njia pekee waliyokuwa nayo, maana pale mezani New York walikaa wenye timu na chama cha wachezaji. Mhudumu wa meza na mkata vitunguu hawakuwa na kiti.

Januari 6, 2013 alfajiri, baada ya kukaa saa zaidi ya 16 mfululizo na msuluhishi wa serikali ya Marekani, wakakubaliana. Mapato nusu kwa nusu, na mikataba ya miaka 13 ikaondolewa, mwisho ukawa miaka 8 kwa mchezaji wa timu yako. Msimu ukakatwa ukawa wa mechi 48, nyumbani 24. Zile alama zangu nyekundu 41 zikawa 24. Mgahawa ukanipigia. Nikarudi, ndiyo, nilirudi. Januari 19 Ottawa walikuja kufungua msimu, wakatufunga, na watu waliimba kama tumeshinda. Yule mzee alikuwa uwanjani na skafu yake. Nikamuuliza vipi kuhusu kususia, akanijibu kwamba ana miaka 61, hana muda wa kususia.

Kwa wanaouliza kama itatokea tena: Julai 2025 pande zote zilipitisha mkataba mpya mapema, kabla ule wa zamani haujaisha, wa kuanzia Septemba 2026 mpaka Septemba 2030, wenye mechi 84 za msimu. Nimefurahi, sitaficha. Safari hii wamemaliza jambo kabla ya kufunga geti.

Na wanaoniuliza inboksi kama wanunue tiketi za msimu, au kama mtu anayekuja Kanada ategemee kazi za uwanjani. Mimi siyo mshauri wa mtu. Mimi nagawana tiketi na wenzangu watatu, hela namlipa mwenye akaunti mwezi kwa mwezi, silipi ya mwaka mzima. Na kazi ya msimu sikuwahi kuitegemea peke yake tena. Hiyo ni hali yangu, na woga wangu una historia yake. Wapo Watanzania hapa wamefanya kinyume kabisa na wanaendelea vizuri. Pima mfuko wako na familia yako.

Namalizia na ndugu mmoja aliyeandika kwamba alipanda basi kutoka Mbeya kwa ajili ya ile Machi 8, akalala Dar siku mbili, akarudi. Mechi ilipochezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2–0, yeye hakuwa na nauli tena. Ameniuliza kama huku watu walilipwa. Kaka, wenye tiketi walirudishiwa hela za tiketi kwa mechi zilizofutwa, au zikahesabiwa kwenye malipo ya mbele. Tiketi tu. Aliyekuwa amelipia ndege au hoteli alibaki na risiti zake. Za kwangu zile wiki za Oktoba mpaka Januari, hakuna fomu iliyokuwa na mstari wake. Nilitafuta.