Roketi ya Maji: Tuunde kwa Chupa ya Soda, Turushe

Hamjambo wapenzi watazamaji, karibuni tena uwanjani, hapa Malindi. Leo roketi! Inavuka mnazi, na hatuwashi hata kiberiti. Ni maji na hewa ya pampu tu.

Chupa kwanza. Ya soda, lita mbili. Ya soda, jamani, si ya maji ya kunywa. Hii imeundwa kustahimili gesi. Ile ya maji ni nyepesi, ukiibana hewa inakupasukia. Iangalie mwangani: ikiwa na mkwaruzo mrefu au mkunjo uliopauka, iache. Ng'oa karatasi, suuza, twende.

Mabawa nimekata kwenye bango la plastiki la kampeni, lile lenye vimirija ndani. Uchaguzi ukipita yako tele. Katoni inakatika vizuri, ila ikirowa mara moja imekwisha. Naweka matatu, maana roketi itasimama juu ya mabawa yenyewe, na haya ni kama mafiga: matatu hayayumbi hata uwanja ukiwa na mashimo. Yapite mdomo wa chupa kwa sentimita 10 hivi. Funga kwa selotepu pana ya maboksi, zungusha, zungusha tena. Supaglu usitie, inaipa chupa nyufa. Gundi ya moto nayo inailegeza plastiki.

Kitako cha chupa ndicho kichwa cha roketi. Tandika udongo wa mfinyanzi hapo, gramu 50 hivi, juu yake mpira wa tenisi, funga. Mpira ni laini, ukimshukia mtu unapunguza pigo. Udongo ni wa kuvuta uzito mbele. Jaribio lake hili hapa: funga uzi pale roketi inapolala sawasawa, bila kuinama upande wowote, kisha izungushe juu ya kichwa chako. Mnaona? Pua inatangulia. Ikitangulia mkia, ongeza udongo au panua mabawa. Roketi isiyofaulu kwenye uzi huenda ikapinduka angani.

Sasa kizibo. Mpwa wangu, leta kamera karibu, karibu kabisa. Hapa ndipo roketi nyingi zinapofia.

Hiki ni kizibo cha chupa ya mvinyo. Ombeni hotelini, hapa Malindi kwa hoteli za Waitalia haviishi. Kikate kibaki sentimita 2 na nusu. Toboa katikati kwa msumari mwembamba, wima, usiende mshazari. Kisha pitisha sindano ya kujazia mpira wa miguu. Tazameni ncha yake: ina kitobo ubavuni. Kitobo hicho lazima kitokeze chote upande wa pili. Kikibaki nusu ndani ya kizibo, utapiga pampu mpaka jioni. Kitokeze chote!

Maji: kati ya robo na theluthi ya chupa, yaani nusu lita hadi mililita 650 hivi. Msijaze. Hewa ndiyo inayosukuma, maji ndiyo yanayotupwa nyuma. Newton alishaliandika hilo mwaka 1687, ukisukuma kitu nyuma, nacho kinakusukuma mbele. Maji yakijaa chupa, hewa inakosa pa kukaa.

Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa kikavu, ndani na nje. Futa kizibo. Kikavu! Kizibo kilichorowa kinateleza mapema, roketi inaruka kimo cha mtu na kukumwagia maji. Kiingize huku unakizungusha, kwa nguvu ya kiganja, usipige nyundo. Kikavu, nimesema.

Haya, tunaigeuza, tunaisimamisha... ngoja. Ngoja, usizime kamera. Kuna tone hapo kwenye sindano. La pili hilo. Hii haipigwi pampu. Rudisha wima, toa kizibo, futa upya, zungusha... nusu mzunguko zaidi... geuza. Tuhesabu kumi. Hakuna tone. Hiyo sasa.

Upepo wa alasiri hapa pwani ni mkali, iwe kusi iwe kaskazi, kwa hiyo mimi hurusha asubuhi. Na uwanja uwe mtupu. Hapo kaskazini yetu, Ngomeni, Waitalia walisimamisha jukwaa la San Marco baharini, na tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, wakarusha setilaiti ya Marekani kwa roketi ya Scout. Ikaitwa Uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani peke yake. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia unaisaidia roketi, na mashariki ni bahari tupu, kinachoanguka hakimwangukii mtu. Nasi tufuate hilo: watoto nyuma yangu, hakuna paa, hakuna nyaya za umeme, miwani ya kazi usoni.

Mpira wa pampu una mita 5, nimekaa mbali. Piga. Geji, kwa psi, kipimo cha presha ya hewa: 10... 20... mapovu yanapanda ndani, mnayaona? 30... Mtu asiinamie kuchungulia! 35...

Aaah! Imekwenda! Imeupita mnazi ule! Pua mbele mpaka juu, haikuyumba!

Ikifika 60 haijatoka, acha kupiga, usiisogelee. Legeza mpira upande wa pampu, presha ipungue polepole.

Kabla ya kurudia, ikague chupa, kaushe kizibo. Punguza maji kidogo, linganisha.

Vifurushi ninavyo: kizibo kilichotobolewa, sindano, mpira wa mita 5 na mabawa matatu. Wa Malindi na Kilifi njooni mchukue, wa mbali natuma kwa basi. Chupa tafuteni wenyewe, na iwe ya soda.