Matumbawe ya kilindini na visima vya mafuta: mazungumzo na wavuvi na wanafunzi, Tanga

Shikamooni wazee wangu, vijana hamjambo, asanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja na jua hili. Naenda moja kwa moja kwenye mada mana muda mdogo.

Sisi watu wa Tanga tukisema matumbawe tunawaza ya Mwambani, ya Kigombe, yale unayoyaona maji yakitoka au ukizamia na miwani. Yale yanaishi kwa jua. Sasa yapo mengine chini kabisa huko, mita mia tatu, mita elfu moja, elfu mbili, jua halifiki, maji baridi, na bado yana matawi na rangi zake, kila kinyama kimetoa vijikono vyake kinadaka chembechembe za chakula zinazodondoka toka juu na zinazopita na mkondo. Chakula chenyewe cha kubahatisha, kwaiyo yanakua polepole mno, mengine hayafikishi hata milimita moja kwa mwaka. Kule Hawaii wataalamu walipima tumbawe jeusi moja wakakuta limeishi zaidi ya miaka 4,000, yani limeanza kuota kabla ya Nabii Issa kuzaliwa, kabla Kilwa haijajengwa, na likivunjika leo hakuna fidia ya kulirudisha, mimi hapo ndo roho inaniuma.

Kisima kikichimbwa baharini kitu cha kwanza kufika chini mara nyingi ni nanga. Si nanga zenu hizi, ni mananga ya tani kwa tani na minyororo inayoburuzwa, ingawa meli nyingine za kuchimba hazitii nanga, zinajishikilia kwa injini. Alafu kinafuata kile kinachotoka shimoni. Ili chuma kitoboe mwamba lazima kisukumiwe matope maalum yenye madini mazito, yale matope yanapanda na vipande vya mwamba uliosagwa, na mara nyingi vinamwagwa hapohapo baharini. Vikubwa vinatua karibu, vumbi lake linakwenda na maji. Tumbawe halikimbii. Likifunikwa kidogo linajisafisha kwa ute wake, na hapo linatumia nguvu ambazo lingekulia, likifunikwa sana vinyama vinaziba midomo vinakufa.

Hayo ni ya siku ya kawaida, kila kitu kikienda sawa. Siku ya ajali ni habari nyingine. Tarehe 20 Aprili 2010, Ghuba ya Meksiko, mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka, wafanyakazi 11 wakafa, kisima kiko kwenye kina cha mita 1,500 hivi na kilimwaga mafuta siku 87, serikali ya Marekani ilikadiria karibu mapipa milioni 4.9. Wakamwaga na dawa ya kuyatawanya mafuta, nyingine wakaipulizia kulekule chini kwenye mdomo wa kisima. Watu wote wanaangalia ufukweni, ndege wamelowa, picha zinazunguka dunia nzima. Mwezi wa kumi na moja mwaka uleule roboti ya kamera ikashushwa mita 1,370, kilomita kama 11 toka kwenye kisima, ikakuta matumbawe yamevaa utando wa kahawia, matawi yanatoa ute, nyama imebanduka mifupa iko nje. Kwenye matawi hayo huwa kuna viumbe jamii ya kiti cha pweza wamejizungushia mikono, maisha yao yote ni palepale, na wao walikuwa wamepauka. Miaka iliyofuata walirudi kupiga picha matawi yaleyale, mengine yakawa yameota vitu vingine juu yake, mengine yamekatika.

Marekani wana utaratibu kwamba matope yasimwagwe ndani ya futi 2,000 toka kwenye matumbawe ya kina, kama mita 610. Ni kitu kizuri kwa matope, ila mimi siridhiki nacho peke yake, mana mafuta yalifika kilomita 11. Norway, wao walianza kulinda matumbawe ya baridi kisheria mwaka 1999 kwa kuzuia nyavu za kukokota, na kwenye uchimbaji wanapita na kamera chini kwanza, wanachora kila tumbawe lilipo, ndo wanaamua kisima kikae wapi na nanga ishuke wapi, na kuna mahali waliyahamisha matope kwa bomba yakamwagwe mbali. Kwaiyo inawezekana, tusiambiwe haiwezekani.

Kwetu gesi ipo. Nchi nzima inatajwa kama futi za ujazo trilioni 57 na sehemu kubwa iko kina kirefu nje ya Lindi na Mtwara. Bomba la kuja Chongoleani, hapa hapa Tanga, ni la kusafirisha mafuta ya Uganda, msichanganye na kuchimba. Mimi sisemi gesi isichimbwe, watoto wetu wanahitaji umeme na kazi. Nasema tuangalie kwanza. Nyie wenyewe majarife yenu, nyavu za papa, ndo yaliyoleta silikanti kuanzia 2003, samaki ambao zamani wataalamu walidhani wameisha toka enzi na enzi, mpaka 2009 ikawekwa hifadhi hapa.

Sheria ya mazingira ya 2004 inataka tathmini ifanyike kabla ya mradi na wananchi wasikilizwe. Kikao kikiitwa BMU, kile kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi, nendeni, msiende kusaini posho tu. Ombeni picha za chini zilizopigwa kabla, na ahadi ya maandishi kwamba tawi lilelile litapigwa picha tena baada ya kuchimba, na picha ziwe wazi kwa kila mtu. Af ulizeni mkondo. Mwenye mshipi anajua, unashusha chambo juu maji yanakwenda huku, pima chache chini unahisi uzi unavutwa kwingine kabisa. Sasa wakileta ramani ya tope litakavosambaa, waulizeni mkondo wa chini kabisa waliupima wapi, kwa muda gani, kusi au kaskazi, na kama walipima msimu mmoja warudi wakapime na wa pili.

Haya, maswali. Mzee wa kule nyuma amenyoosha mkono mapema, tuanze na yeye.